Meymand si mahame

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu picha mliyoitoa mwezi uliopita katika ukurasa wenu wa safari, ile ya kilima chenye vitundu vingi kama mzinga wa nyuki. Chini yake mliandika kwamba hayo ni mahame ya Meymand, karibu na Shiraz, nchini Iran. Kwamba wenyeji wake, waliokuwa wakisema Kiarabu, walihama zamani. Na kwamba huenda ndiko walikotoka Washirazi wa pwani yetu. Sentensi tatu tu. Lakini mimi nimelala ndani ya kilima hicho. Katika safu ya chini kabisa, upande wa kushoto wa picha yenu, uko mlango wa mbao uliopinda kidogo juu. Mlango huo nimeingia nikiwa na theluji mabegani, nikavuliwa viatu na bibi kizee asiyenijua, nikasogezwa kwenye moto. Kuambiwa leo kwamba nyumba ile ni gofu la watu waliokwisha kumeniuma, na nisiponena nitakuwa nimemkosea yule bibi.

Nianze na pahala penyewe, maana hapo ndipo mlipopotea mwanzo. Iran ina Meymand zaidi ya moja. Iliyo upande wa Shiraz ni mji, uko mkoa wa Fars, na sifa yake ni maji ya waridi. Huko hakuna nyumba hizi. Kilima mlichokichapa ni cha kijiji cha Meymand mkoani Kerman, wilaya ya Shahr-e Babak, tarafa ya kati, katika kata inayoitwa Meymand vilevile. Kwa anayependa kutazama ramani, atafute mahali latitudo ya 30 kaskazini inapokutana na longitudo ya 55 mashariki, kisha asogeze kidole kidogo. Ni mwisho wa bonde, milima ya kati ya Iran inapoishia upande wa kusini, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi bahari ya Bandar Abbas ni zaidi ya kilomita 300 hata kwa ndege anayeruka moja kwa moja.

Na lugha yao ni Kiajemi. Si Kiarabu, wala hakijawahi kuwa Kiarabu nyumbani mwao. Tena Kiajemi chao kina maneno ya kale ambayo watu wa mjini hawayatumii tena, na wenyewe wanajivunia jambo hilo kama sisi tunavyojivunia Kipemba chetu. Mimi niliyejifunza Kiajemi darasani nilikuwa nikimsikiliza bibi yule nikipata nusu, nusu nyingine nikitafsiriwa na mjukuu wake.

Huyo mjukuu ndiye aliyenipeleka. Tulikuwa dahalia moja chuoni Kerman, chumba cha watu wanne. Likizo ya baridi ilipofika, wasichana wengine wakaenda makwao, mimi kwetu kisiwani Kojani, huku Pemba, ni mbali, nauli sina. Akaniambia, "Twende kwa Bibi." Alisema hivyo hivyo, Mhariri: bibi. Nilidhani ameshajifunza Kiswahili kutoka kwangu. Kumbe neno ni lao, ndilo lililovuka bahari likaja kwetu, kama lilivyovuka bustani, na nahodha, na pamba, na serikali. Tangu siku hiyo sikumwita yule mzee jina jingine.

Tulipanda basi kupitia Rafsanjan, mashamba ya pistachio pande zote mbili yamepukutika majani, hadi Shahr-e Babak. Kutoka mjini tukapata gari ndogo iliyokuwa ikipeleka magunia ya unga. Wakati wa magharibi tuliingia bondeni. Nilikuwa natazamia nyumba, nikaona mlima tu. Halafu nikaona moshi unatoka mlimani, mahali pengi kwa wakati mmoja, mistari myembamba ya buluu, na nikasikia mbwa, na mtoto anaitwa kwa sauti ya ukali ile ambayo mama wote duniani wanayo. Ndipo nikaelewa kuwa nyumba zimo ndani ya jiwe.

Nyumba hizo wanaziita kiche. Mwamba wa pale ni laini, wenyewe huuita kamar, na wazee wao waliuchimba kwa mkono kuingia ndani ya kilima, safu juu ya safu, pengine hadi safu tano. Mlango wa kiche moja huwa juu ya dari ya nyingine. Ndani kuna chumba kimoja, au vitatu, au hata saba, kwa kulala na kwa akiba. Jiko limo humo humo, na moshi wa miaka mingi umezipaka kuta na dari masizi meusi yanayong'aa. Nilipoyaona nilidhani ni uchafu, nikajikunyata nisiyaguse. Bibi akaniambia masizi ndiyo yanayoshika jiwe lisimomonyoke, na akapitisha kiganja chake ukutani kunionyesha kwamba hakitoki na kitu. Nje maji yalikuwa yameganda ndani ya ndoo. Ndani tulikaa juu ya zulia kwa fulana, tukinywa chai na kibonge cha sukari mdomoni, tukitafuna lozi. Msikiti wao nao umechimbwa mwambani, wenye nguzo za jiwe lile lile zilizoachwa zisimame, na hamamu, na chuo cha watoto.

Usiku ule Bibi aliniuliza kwetu watu hufanya kazi gani. Nikamwambia kuvua. Akauliza, nyumba zenu mnazihama? Nikamwambia hatuzihami. Akanitazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayesikia kwamba mgeni wake hana ndugu. Sikuelewa maana ya swali lake hadi miezi sita baadaye.

Maana nilirudi Julai. Mjukuu alikuwa na mitihani, nikasema nitakwenda peke yangu kumsalimia Bibi, njia naijua. Nilibeba karafuu na kanga. Gari likaniteremsha, likaondoka. Bonde lilikuwa limejaa jua, miti ya kijito imefunga majani, na kilima chote kilikuwa kimya. Hakuna moshi wala mbwa. Nikapanda hadi kwenye mlango wa Bibi nikaukuta umefungwa kwa mnyororo, na vumbi juu ya kizingiti halina hata alama ya unyayo. Nikagonga mlango wa jirani. Nikagonga wa juu yake. Mhariri, nilikaa chini pale pale nikalia, kwa sababu niliamini Bibi amekufa, na si yeye tu, nilihisi kijiji kizima kimekufa nami sikuambiwa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akilinda upande wa msikiti. Alinipa maji, akasubiri nimalize kulia, kisha akanyoosha mkono kuelekea bonde jingine na kusema: "Wako Sar-e Bagh." Maana yake ni penye bustani. Jioni nikapelekwa kwa pikipiki, nikamkuta Bibi chini ya kivuli cha paa la nyasi lililowekwa juu ya ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo, anakausha mtindi kwa kuufinyanga vidonge. Mbuzi kando, mizabibu kando, wajukuu wanachezea maji. Alipoona macho yangu mekundu akauliza nani kanipiga.

Ndivyo wanavyoishi, na wameishi hivyo karne nyingi. Wakati wa baridi wako mwambani. Baridi inapokaribia kwisha hutoka na wanyama kwenda Sar-e Aghol, penye mazizi, kwenye nyanda za kusini, ambako nyumba zao nyingine zimezama nusu ardhini, ukuta wa mawe wa kama mita moja tu na paa la miti na miiba. Huko wanakaa mpaka majira ya kuchipua yanapomalizika. Joto likipanda huenda Sar-e Bagh, kandokando ya vijito vya msimu, wakakaa kiangazi na mwanzo wa majira ya kupukutika. Kisha huteremka tena kwenye kiche. Kijiji ni kimoja, kina mahali patatu. Picha yenu, kwa miti ile iliyofunga majani, imepigwa kiangazi. Mpigapicha alifika kama nilivyofika mimi, akakuta milango imefungwa kama nilivyoikuta mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilipata wa kunionyesha njia.

Na hapa ndipo nilipojiona mjinga kwa lile jibu nililompa Bibi usiku wa theluji. Kwamba kwetu hatuhami! Mimi, mtoto wa Kojani, ambaye baba yangu alikwenda dago kila mwaka mpaka magoti yalipomkataa. Wasomaji wenu wa bara pengine hawalijui neno hili. Wavuvi wetu hufuata samaki. Hufunga nyavu na sufuria, wakaondoka kikosi kizima, wakaweka kambi Tanga, au Mafia, au Kilwa, au upande wa Mombasa, wakakaa wiki au miezi, wakivua na kuuza huko huko. Hiyo kambi ndiyo dago. Mgeni akivuka kuja kisiwani kwetu wakati huo atakuta wanawake, watoto na wazee, na madau machache yamepinduliwa pwani. Akiandika kwamba Kojani haina wanaume, ataandika alichokiona na atakuwa amesema uongo. Basi nami nilikuwa nalijua jambo hili tangu tumboni, na bado nilikaa mbele ya mlango uliofungwa nikawazika watu hai.

Sasa niseme kuhusu idadi, kwa sababu mliandika walihama kana kwamba mmehesabu.

Iran huhesabu watu wake mpaka kijiji cha mwisho. Katika sensa ya 2006 Meymand ilihesabiwa watu 673, familia 181. Hiyo ni chini ya watu wanne kwa familia moja, nami nikiisoma hesabu hiyo nawaona: bibi na babu, binti aliyebaki, mjukuu mmoja. Si kijiji kikubwa. Lakini watu 673 si mahame. Kule vipo vijiji vidogo mno ambavyo jina huandikwa katika kitabu cha sensa na idadi haitolewi, kwa kuwa waliomo ni kaya mbili tatu. Meymand haimo katika hao.

Tazameni pia siku yenyewe ya kuhesabu. Sensa ya Iran ya 2006 ilifanywa katika mwezi wao wa Aban, na ya 2011 vilevile, na ya 2016 ikawa katika Mehr na Aban. Ni Septemba hadi Novemba kwa kalenda yetu, yaani ndiyo majira ambayo watu wa Meymand wanafunga mizigo Sar-e Bagh kurudi mwambani. Karani mwenye kujua kazi atamfuata mtu alipo na kumwandika kijiji chake. Karani mvivu atagonga milango mitatu na kuondoka. Sensa yetu ya 2022 ilimwandika mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, na kaka yangu mkubwa usiku huo alilala dago, akahesabiwa ugenini pamoja na vijana wake sita. Sikatai utaratibu huo, una sababu zake. Nasema tu kwamba idadi ya kijiji bila kutajwa majira ni kama bei ya samaki bila kutajwa siku.

Sitaki mdhani nawapamba. Watu wa Meymand wanapungua, na Bibi ndiye wa kwanza kulisema. Kiche zilizochimbwa ni kama 400, na zilizo nzima ni 123. Wakati wa baridi nilipokuwa pale, milango mingi ya safu za juu haikuwa na moshi, na wengi niliowaamkia walikuwa wazee. Vijana wako Shahr-e Babak, wako Kerman, wengine wako katika mgodi wa shaba wa Miduk ambao hauko mbali na pale na unalipa mshahara kila mwezi, jambo ambalo mbuzi hawafanyi. Mama yake rafiki yangu mwenyewe anaishi mjini katika nyumba ya matofali, ana mashine ya kufulia, hataki kusikia habari ya masizi. Iran nzima imekwenda njia hiyo. Ilipofanya sensa yake ya kwanza ya taifa, 1956, karibu watu saba katika kila kumi walikaa vijijini. Sensa ya 2016 ilipata watu 79,926,270, na waliobaki vijijini hawakuzidi sana robo.

Lakini kupungua ni kupungua, na kuhama zamani ni neno jingine. Mliposema walihama, mmefanya yale mapambano ya wazee wale ya kubaki yasiwepo. Mwaka 2005 kijiji hiki kilipewa tuzo ya kimataifa ya Melina Mercouri ya kulinda mandhari za utamaduni, na mwaka 2015 UNESCO ikaiandika mandhari yake katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lililoandikwa linakaribia hekta 5,000. Jiulizeni kwa nini ni kubwa hivyo, wakati kilima chenye nyumba ungekizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Ni kwa sababu waliingiza na mazizi, na mabustani, na njia za wanyama. Waliandika mwendo wa watu. Kama wangekuwa wameondoka, kusingekuwa na cha kuandika ila mawe.

Na hili la Washirazi, naomba tuliache kabisa. Wazee wangu nao hujiita Washirazi na sina ugomvi na jina hilo. Utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2023, wa mifupa ya makaburi ya kale ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, umeonyesha kwamba wanaume kutoka Uajemi walichanganyika na wanawake wa Kiafrika wa pwani hii kuanzia karibu mwaka 1000. Habari hiyo inatosha kwa uzito wake. Haihitaji kuongezewa kijiji cha wafuga mbuzi wa milimani ambacho hakuna mtu niliyemkuta aliyewahi kusimuliwa jahazi. Nilipomwambia Bibi kuwa kwetu nasi tunao mwaka wa nairuzi, na kwamba Makunduchi watu hupigana kwa migomba siku hiyo, alifurahi mpaka akamwita jirani aje asikie. Alifurahi kwa sababu ni jambo la kweli. Hakuhitaji kuambiwa kuwa mimi ni mjukuu wake wa damu ndipo anipe blanketi.

Ninaloomba si kubwa. Tafadhali chapeni masahihisho, mahali pale pale mlipoweka picha. Andikeni: Meymand, wilaya ya Shahr-e Babak, mkoa wa Kerman. Andikeni kwamba watu wake wanasema Kiajemi. Andikeni watu 673 na andikeni mwaka, 2006, mwaka usiachwe. Na andikeni picha ilipigwa mwezi gani, mpigapicha wenu atakuwa anajua. Kesho mkituma mtu Kojani, au kwa Wabarabaig, au kokote ambako watu hufuata maji na malisho, muulizeni kwanza sheha, au kwa bara mwenyekiti wa kijiji, wenyewe wako wapi sasa. Sheha anajua. Kule Iran naye yupo, humwita dehyar, na simu yake inashika.

Pamoja na barua hii naleta picha yangu moja, mkiipenda itumieni bila malipo. Niliipiga kwa simu asubuhi ya pili ya safari yangu ya kwanza, haikutulia vizuri kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ni kilima kile kile, kutoka upande ule ule. Hesabuni mioshi, mimi nimehesabu kumi na minne. Mwenye shungi jeusi na beseni kichwani, anayeinama kupita mlangoni, ndiye Bibi. Juzi mjukuu wake amenitumia ujumbe kwamba wameshateremka kutoka Sar-e Bagh, mbuzi wamefika salama, na mnyororo wa mlango umetolewa.

Msomaji wenu,
Mzaliwa wa Kojani,
Wete, Pemba